Fanta ku masomo: maswali wazazi wa Bukavu wanayouliza kila mara

Kwenye mikutano ya wazazi maswali njo yale yale kila mwaka, basi tumeyaweka pamoja ili mtu asome kwa utulivu nyumbani. Tukisema fanta hapa tunasema kama vile watu wote wa Bukavu wanavyosema, yaani kinywaji chochote cha sukari cha chupa: Coca, Fanta yenyewe, Sprite, Vitalo, na ndugu zake. Msimamo wetu tunautoa mapema ili mtu asipotee: shule iache kuuzishia watoto fanta, LAKINI siku ile inapoondoa fanta maji ya kunywa yawe tayari yako pale. Bila maji, hiyo amri ni kuwaachia watoto kiu.

Kwani fanta iko na ubaya gani? Si inampa mtoto nguvu?

Nguvu inatoa, hatukatai, ju ya sukari ni nguvu. Shida ni kiasi, tena hakuna kingine ndani. Chukua chupa, igeuze, tafuta kwenye yale maandishi madogo pale wameandika sukari, utaona gramu kwa kila mililita 100. Coca ya kawaida iko karibu 10,6. Kopo la 33 cl basi linabeba kama gramu 35, na kijiko kidogo cha chai ni kama gramu 4, ukihesabu unafika karibu vijiko 9. Fanya hii mbele ya watoto: weka glasi tupu juu ya meza, mwaga kijiko kimoja kimoja huku wao wenyewe wanahesabu kwa sauti, ukifika cha sita wanaanza kuangaliana. Hakuna mzazi anayeweza kuweka vijiko 9 ku chai ya mtoto wake akaona ni kawaida.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isipite 10% ya nguvu yote mtu anayokula kwa siku, mtoto au mkubwa, na ikibaki chini ya 5% ni vizuri zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kawaida hiyo 5% ni kama gramu 25. Mtoto wa miaka 8 anakula kidogo kuliko mtu mzima kwa hiyo sehemu yake ni ndogo zaidi. Chupa moja ya rekreasyo (saa ya mapumziko) imeshapita, na bado hajakunywa chai ya jioni.

Watoto wetu ni wembamba. Hii mambo ya unene si shida ya Wazungu?

Hili swali tunalipenda ju ya mtu anayeuliza anaona vizuri. Kweli, Kongo shida kubwa si unene. Uchunguzi wa MICS, ule wa kupima hali ya familia nchi nzima, wa 2017-2018 ulionyesha karibu watoto 42 kwa 100 wenye chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao ju ya kukosa chakula kizuri muda mrefu. Kivu ya Kusini ni kati ya majimbo yaliyoguswa sana.

Lakini njo hapo fanta inaumiza zaidi kwetu kuliko kwa Wazungu. Mtoto wa kule akinywa fanta anaiongeza juu ya chakula. Mtoto wa Kadutu au Bagira hapa Bukavu akinunua fanta anaiweka MAHALI pa chakula, maana zile franka mama amemfungia ku kona ya kitambaa asubuhi ni zile zile, hakuna zingine mpaka jioni. Simama tu ku rekreasyo uangalie: mtoto ametoka nyumbani saa kumi na mbili bila kitu tumboni, ameshuka mlima na kupanda mwingine, kengele inalia saa nne, anakimbia kantini, anakunywa chupa haraka haraka ju wenzake wanangojea "niachie kidogo, niachie kidogo", kisha anaingia darasani. Sukari inapanda, inashuka, na kabla ya saa sita ameshalala juu ya daftari, mwalimu anasema huyu mtoto ni mvivu. Kwa feza ile ile angekula mandazi na karanga, ao yai la kupika, ao ndizi na parachichi, vitu vinavyokaa tumboni na kujenga mwili. Fanta haina protini, haina chuma, haina hata vitamini ya maana.

Tena tusidanganyane kwamba diabete na presha ni magonjwa ya Ulaya. Uliza kwenye familia yako mwenyewe ni wangapi wanakunywa dawa ya sukari leo. Mtu anaweza kudumaa akiwa mtoto na kupata diabete akiwa mkubwa, mwili uliokua kwa shida njo unachoka mapema.

Na meno?

Huku hakuna mabishano. Kwenye kinywa kuko vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi, na ile asidi inakula gamba la juu la jino. Fanta inaleta vyote viwili pamoja, sukari ya kulisha vijidudu na asidi yake mwenyewe. Gamba la jino linaanza kuyeyuka asidi ikipita kiasi fulani (pH, kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5,5 hivi; namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), na vinywaji vya cola viko karibu 2,5. Mate yanasafisha lakini yanahitaji muda, kama nusu saa, kwa hiyo mtoto anayekunywa kidogo kidogo toka rekreasyo mpaka mwisho wa masomo anaharibu meno kuliko yule aliyemaliza mara moja. Usimwambie apige mswaki dakika ile ile ametoka kunywa, gamba bado ni laini, asukutue na maji kwanza na mswaki ungoje.

Meno ya maziwa yakioza mtu anasema si yataanguka. Yataanguka ndiyo, lakini kabla ya kuanguka yanauma usiku, mtoto halali, hali, na munganga wa meno si wa bei ya kila mzazi.

Lakini maji ya shule si salama. Fanta imefungwa kiwandani, si afadhali kuliko kolera?

Mzazi anayesema hivi hasemi ujinga. Mji umekaa juu ya ziwa Kivu na bado robine zinakauka wiki nzima, watu wanashuka na bidoni mpaka ziwani, na kolera huku Kivu haijawahi kutuachilia. Kati ya maji machafu na fanta iliyofungwa, fanta haitampa mtoto kolera, hiyo ni kweli.

Sasa tuulize vingine: kwa nini mtoto achague kati ya hivyo viwili tu? Shule iko na frigo ya fanta na haina bidoni ya maji safi, maana yake kiu ya watoto imegeuka biashara. Maji safi ya shule hayahitaji mradi wa mamilioni. Hesabu hii hapa tuliyofanya: shule ya wanafunzi 400, kila mmoja apate nusu lita kwa asubuhi, ni lita 200, yaani bidoni 10 za lita 20. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinasafisha bidoni moja ya lita 20 kama maji ni angavu, ungoje dakika 30 kabla ya kunywa (soma paketi, ju kuko vidonge vya ukubwa tofauti). Kama maji yana matope, yapitishe kwanza kwenye kitambaa safi ao yaache yatulie. Kuchemsha pia ni sawa, huku kwetu kama mita 1500 juu ya bahari yakitokota sawasawa dakika moja yanatosha, lakini lita 200 kwa makala kila siku ni feza nyingi na miti mingi, kwa shule klorini ni rahisi zaidi.

Kitu kimoja watu wanasahau: kikombe. Tumeona shule yenye maji safi kabisa ndani ya bidoni, na juu yake kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa na kamba, watoto wote wanakichovya na mikono yao ndani. Hapo klorini imefanya kazi ya bure. Chombo kiwe na kifuniko na robine ndogo chini, na kila mtoto aje na kikombe chake ao kachupa kake kenye jina. Na karibu na choo kuwe maji mengine na sabuni, hayo ya mikono yasichanganyike na ya kunywa.

Shule itapata wapi feza? Kantini njo inanunua chaki.

Tunajua. Katiba ya 2006, artikle 43, inasema elimu ya msingi kwenye shule za serikali ni bure na lazima, na tangu Septemba 2019 hiyo bure imeanza kutumika, lakini feza za kuendesha shule hazifuati sawasawa na mkubwa wa shule anabaki anatafuta wapi atatoa chaki, fagio, na matengenezo ya madirisha. Ku sekondari prefe anahangaika vile vile. Hatutaki kumwonesha kama mtu mbaya.

Lakini angalia feza ya fanta inatoka wapi: inatoka ku mfuko wa mzazi yule yule. Mzazi anatoa bei ya chupa nzima, sehemu kubwa inaenda kwa kiwanda na kwa mwenye depo, shule inabaki na faida ndogo. Kantini inaweza kubaki, ibadilishe vitu tu. Mandazi, mayai, karanga, ndizi, viazi vya kupika, uji wa soya asubuhi, hivi vyote mwenye kupika anapata faida, na shule inaweza kumkodisha pahali. Tena feza inabaki kwa mama wa mtaa. COPA, yaani kamati ya wazazi, iombe daftari la kantini lisomwe mbele ya wazazi kila mwisho wa trimestre, ingizo na tokeo, ju mara nyingi tukiuliza fanta inaingiza ngapi hakuna anayeweza kutoa namba.

Kampuni ikitoa frigo ya bure na kupaka shule rangi, tukatae?

Ndiyo. Frigo yenye jina la kinywaji ni tangazo, na linasimama mbele ya mtoto miaka sita yote ya msingi. Kama mtu anataka kusaidia shule alete tanki ya maji.

Tukikataza ndani, si watanunua kwenye mlango?

Wengine watanunua. Kuko utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata wanafunzi kwenye majimbo 40, toka darasa la 5 mpaka la 8, na ulikuta kwamba pale shule ilikataza vinywaji vyote vya sukari watoto walipunguza kununua ndani ya shule, lakini ukijumlisha siku nzima walikunywa karibu sawa na wengine. Pale shule ilikataza soda peke yake na kuacha vinywaji vingine vya sukari, watoto walihamia tu kwa hivyo vingine. Tunaleta hii wazi ju hatutaki mzazi afikiri amri moja kwenye karatasi inamaliza kazi.

Linganisha hiyo na utafiti wa Ujerumani, miji ya Dortmund na Essen, mwaka wa masomo 2006-2007. Wao hawakukataza kitu. Waliweka robine za maji ya kunywa kwenye shule za msingi za mitaa maskini, wakafundisha watoto masomo machache juu ya maji, na mwisho wa mwaka hatari ya watoto kunenepa kupita kiasi ilikuwa imeshuka 31% ukilinganisha na shule ambazo hazikupata. Njo maana tunarudia maji, maji, maji.

Na wale mama wa mlangoni msiwafukuze. Wanalea watoto wao na hiyo biashara. Waite kwenye mkutano, waambie shule iko tayari kuwaachia pahali penye kivuli ndani ya uwanja kama watauzisha chakula na kuacha fanta na sashe za juisi, wengi watakubali ju pahali pazuri ni feza. Walimu nao waache kutuma mtoto "nenda uniletee Coca" mbele ya darasa zima.

Nchi zingine zimefanya nini?

Ufaransa iliondoa mashine za kuuzisha vinywaji na biskuti kwenye shule zote tangu Septemba 2005. Marekani, bodi ya shule za Los Angeles ilipiga kura 2002 na soda ikatoka kwenye shule za serikali Januari 2004, kisha 2006 kampuni kubwa zenyewe, Coca-Cola na PepsiCo zikiwa ndani, zilikubali kuondoa soda za sukari kwenye shule. Chile tangu 2016 kitu chenye alama nyeusi ya sukari nyingi hakiuzishwi shuleni. Mexique, moja ya nchi zinazokunywa soda kuliko zote duniani, ilikataza tarehe 29 Machi 2025. Yaani kampuni zile zile zinajua kuishi bila kuuzishia mtoto ndani ya shule.

Juisi za unga na za sashe je? Na juisi ya matunda? Na Zero?

Ya unga na sashe ni mbaya kuliko fanta, tunasema wazi. Ni sukari na rangi, kisha imechanganywa na maji ambayo hujui yametoka wapi, kisha mtoto anatoboa kona ya sashe na meno wakati ile sashe imeshikwa na mikono kumi. Ukitoa fanta na kuacha sashe hujafanya kitu.

Juisi ya maracuja ao ya prune ya Japon ya nyumbani iko na vitamini ndiyo, lakini OMS inahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongezwa, na wengi wetu tunamwagamo sukari bila kupima. Tunda lenyewe zima ni bora, mtoto atafune.

Zero haina sukari lakini asidi iko, na Mei 2023 OMS ilishauri watu wasitegemee hivyo vitamu vya kuigiza sukari ili kupunguza uzito. Kwa mtoto maji yanatosha.

Vinywaji vya nguvu, vile vikopo vya "energie", hapo hatuna hata mjadala. Kopo la mililita 250 mara nyingi linabeba kama miligramu 80 za kafeini, zaidi ya mara mbili ya Coca ya 33 cl. Moyo wa mtoto unapiga mbio, usingizi unapotea, na siku hizi watoto wa sekondari wanakunywa hivyo wakati wa egzameni wakifikiri vitaingiza masomo kichwani. Visiuzishwe karibu na shule hata kidogo.

Chupa za plastiki zinahusika vipi?

Zinahusika na umeme wako. Mvua ikinyesha, chupa zote zilizotupwa ku mitaro ya Kadutu na Ibanda zinashuka ziwani, ziwa linatokea ku mto Ruzizi, na pale mlangoni kuko baraji ya umeme ya Ruzizi. Plastiki zinajazana mbele ya mashine, wafanyakazi wanazitoa na mikono na mashua, na mashine zikizibwa mji unakaa gizani. Serikali ilisaini amri ya kukataza mifuko na vifungashio vya plastiki tarehe 30 Desemba 2017, kila mtu anaona vile inafuatwa. Shule yenye mamia ya watoto ikiacha chupa na sashe, mtaro wake unaonekana tofauti ndani ya mwezi.

Mtoto akiharisha si tunampa Fanta ao Coca ili apate nguvu?

Tafadhali msifanye hivyo. Sukari nyingi namna ile inavuta maji kuingia tumboni na kuhara kunaweza kuzidi, tena chumvi anayopoteza haimo. Mpe SRO, ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari ya mtu anayeharisha, kwenye lita moja ya maji safi. Kama hakuna, vijiko vidogo 6 vya sukari na NUSU kijiko kidogo cha chumvi ndani ya lita moja ya maji safi, vijiko vilivyosawazishwa juu, si vya mlima. Anywe kidogo kidogo, na umpeleke santé (kituo cha afya) haraka kama anaharisha maji maji kama ya mchele, ao macho yameingia ndani, ao hakojoi. Shule iwe na pakiti kadhaa za SRO ku ofisi.

Na mtoto mwenye diabete?

Hapa fanta inaweza kuwa dawa. Mtoto anayechoma insulini sukari yake ikishuka ghafla, anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anasema maneno yasiyoeleweka, anahitaji kitu cha sukari SASA HIVI, na kama nusu ya chupa ndogo ya fanta ya kawaida (si Zero) inafaa kama bado ana fahamu na anaweza kumeza. Akiwa amezimia usimwagie kitu kinywani, mbio ku hopitali. Kwa hiyo mkubwa wa shule aweke chupa mbili tatu ndani ya kabati la ofisi, na walimu wote wajue ni za nani.

Siku ya proklamasyo na sikukuu pia hakuna fanta?

Fanta kwetu ni heshima ya mgeni, ni ya ndoa, ni ya ubatizo, hakuna anayetaka kuitoa huko. Siku ya kutangaza matokeo mzazi akitaka kumnunulia mtoto wake aliyefaulu ni furaha yao. Tunazungumza kile shule inauzisha siku za masomo.

Mtoto wangu amezoea, kila asubuhi analilia feza ya fanta. Nifanye namna gani?

Usimkate feza yote mara moja, ataona ni adhabu. Mpe kitu mkononi mahali pa franka: yai, ao ndizi mbili na karanga kwenye kakaratasi, na chupa yake ya maji yaliyochemshwa usiku, ao yaliyowekwa klorini kwa kipimo cha paketi, usizidishe ju harufu ikizidi watoto wanakataa. Kunywa chai kabla ya kutoka, hata ya haraka, kunasaidia sana, mtoto aliyekula asubuhi hakimbii kantini vile vile. Kama anasema wenzake wanamcheka, ongea na wazazi wa wale wenzake, mara nyingi ni majirani zako. Wiki mbili za kwanza njo ngumu.